Mama Nitilie, na Mama Nilipe
(Maneno ya mwanachama wetu, muuza chai na chapati kwa mkokoteni, aliyoyatoa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi. Yamechapwa hapa karibu kama alivyoyasema.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya mbinu za kuuza chakula kwa mkokoteni. Mwenyekiti aliponiambia nilicheka. Nikamwambia, "Dada, mimi niliishia darasa la saba, mbinu gani nitawafundisha watu?" Akanijibu, "Waambie ulivyofilisika." Basi leo nitasema yote mawili, nilivyofilisika na nilivyoinuka, maana la kwanza ndilo lililonifundisha la pili.

Wengi mnanifahamu kwa mkokoteni wangu wa bluu hapa Kahama: kabati la vioo juu, jiko la mkaa ubavuni, chupa mbili kubwa za chai. Sisi watu wanatuita mama lishe, na zamani zaidi mama ntilie. Jina hilo lilitoka midomoni mwa wateja wenyewe: "Mama, nitilie." Mtu anakuja na njaa yake, anasema nitilie, nawe unatia. Lakini angalieni, ndugu zangu, katika jina lile hakuna neno la kulipa. Hilo ni juu yako wewe mwenye sufuria. Na hapo ndipo nilipoanguka.

Nilivyofilisika

Mwaka wa tatu wa kikundi chetu biashara yangu ilikuwa nzuri. Nikasikia kuna rashi upande wa Geita, watu wanamiminika, dhahabu imeonekana. Jina la machimbo nitaliacha, halisaidii. Nikakopa hapa kikundini mara tatu ya hisa zangu kama katiba yetu inavyoruhusu, nikafunga sufuria, nikaenda.

Jamani, kwenye rashi pesa unaiona kwa macho. Kijana akitoka karashani mzigo wake umetoa vizuri, anaagizia chai watu kumi asiowajua. Lakini hiyo ni siku moja. Siku ishirini zinazofuata yuko ndani ya duara, mawe hayajafika, mfukoni hana hata mia. Anakuja, anasema, "Mama, andika tu. Duara likitema tutakulipa na zawadi juu."

Nikaandika. Vijana kumi na wawili wa duara moja, kila mmoja chakula cha 1,000 kwa siku, kwa wiki sita. Na niliandika wapi? Sikuwa na daftari. Nilichora vistari vya mkaa kwenye bati la kibanda. Wiki ya tano ikanyesha mvua, nusu ya vistari ikaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea kwa mvua.

Wiki ya sita zikavuma habari kwamba kuna rashi nyingine. Nikaamka alfajiri, nikachemsha chai yangu, nikangoja. Hakuja mtu. Duara tupu, kambi tupu. Kumi na wawili mara siku 42 mara 1,000, fanyeni wenyewe hesabu hiyo. Ni zaidi ya shilingi 500,000, na pesa hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya sanduku hili hapa mezani.

Nikarudi Kahama, nikajificha. Vikao vitatu sikuonekana. Siku moja nikasikia hodi, naona Mweka Hazina na mama wawili. Nikajua wamekuja kuchukua sufuria. Wakakaa, wakaomba maji, wakatoa daftari jipya la shule. Wakaniambia: rejesho lako tutalipunguza nusu na muda tutauongeza, lakini kila kikao kwa miezi mitatu utatuletea daftari hili limeandikwa ulichonunua, ulichouza na anayekudai. Na faini za kutohudhuria vikao utalipa zote. Nikazilipa! Hawakunisamehe hata moja.

Nasema haya hadharani kwa sababu najua kuna mwenzetu leo hayupo, naye anajificha kama nilivyojificha mimi. Mwenye kumfahamu amwambie arudi.

Hesabu ya chapati nne

Daftari lile lilinifundisha jambo ambalo sikulijua kwa miaka mingi ya kupika. Tuchukue mfano. Bei weka za soko lako, mimi natoa za kuelewana tu.

Unga wa ngano kilo 2, shilingi 4,000. Mafuta nusu lita, 2,500. Mkaa 1,500. Chumvi, sukari na karatasi, 500. Maji na sabuni, 500. Bodaboda ya kuleta vitu, 1,000. Jumla 10,000. Unga huo unatoa chapati 24. Ukiuza 500 kila moja unapata 12,000. Faida yako ni 2,000.

Sasa anakuja mteja mmoja, anakula chapati nne, anasema andika. Chapati nne ni 2,000. Faida ya siku nzima imeondoka na mtu mmoja! Umeamka saa kumi usiku, umekanda, umesukuma, umepigwa jua, yote kwa ajili yake. Asipolipa, itabidi ukande tena chapati 24 kesho ili urudishe nne zake. Ndiyo maana nasema chakula kilicholiwa si pesa mpaka kilipwe.

Nilipofahamu hivyo nikajiuliza, je, nipandishe bei? Hapana, jirani yangu anauza 500. Jibu lilikuwa chai. Vikombe 20 vya chai, majani, sukari, tangawizi na mkaa wake, vinanigharimu kama 2,500. Kwa 300 kila kimoja napata 6,000. Faida 3,500. Yaani chapati ndiyo inayomwita mteja, lakini chai ndiyo inayoniletea faida. Pamoja ni 5,500 kwa siku. Tangu hapo mtu akisema "nipe chapati mbili," mkono wangu tayari umeshika kikombe, namuuliza, "Chai ya rangi au ya maziwa?" Simuulizi kama anataka chai. Wengi huchagua moja.

Na kwa faida hiyo ya 5,500, lile deni la vijana ni sawa na karibu siku 92 za kusukuma mkokoteni bure. Miezi mitatu, kina mama.

Je, tusikopeshe kabisa?

Wapo wanaobandika karatasi, "Leo pesa, kesho mkopo." Mjini inafaa. Lakini tuseme kweli: huko machimboni mtu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Pesa yake iko chini ya ardhi. Kama hakuna wa kumlisha mpaka mawe yafike karashani, duara halichimbwi na wewe huuzi. Kwa hiyo mimi sikuacha kukopesha, niliweka mipaka, na mipaka yangu ni hii.

Kwanza, deni la wateja wote kwa siku moja lisizidi 1,000. Likifika hapo, hata aje nani, namwambia, "Mwanangu, daftari limejaa leo."

Pili, mtu mmoja mlo mmoja. Hajalipa, haongezwi. Nikimwona ana njaa kweli namtilia uji bure, na namwambia wazi kwamba huu ni bure. Sadaka ni sadaka na deni ni deni, ukivichanganya utapoteza uji na mteja, maana mwenye deni hukukwepa barabarani.

Tatu, naandika mbele yake, jina na simu, naye anaona nikiandika.

Nne, na hili ndilo lililoniinua, nachukua pesa siku anayo. Mtu aliyetoka kuuza dhahabu yake ana pesa leo, kesho hana. Nimekata vipande vya boksi, nimechora vyumba kumi. Anatoa 8,000, chai na chapati mara kumi, nami namwongezea ya kumi na moja bure. Kila akija nagonga mhuri wangu, ambao ni kizibo cha soda nilichopaka wino. Yeye amejiwekea chakula cha siku mbaya, mimi nimepata pesa ya unga bila kukopa. Ila angalizo: pesa ile bado si faida. Ni deni langu kwake mpaka ale. Ukiinunulia kitenge, wiki ijayo utapika bila unga.

Tano, napokea shilingi tu. Mtu asikuletee kijiwe cha dhahabu au mfuko wa mawe akuambie ni malipo. Kuwa na madini na kuyauza bila leseni ni kosa kisheria. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na baada yake masoko mengine ya madini. Mwache aende sokoni akauze, kisha akuletee pesa. Na akilipa kwa simu usitazame ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake, tazama salio lako mwenyewe. Kuna vijana ujumbe wanautunga.

Saa na mahali

Kuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi wenye mkokoteni tunajitembeza, je, chakula chetu ni kibaya? La hasha! Mkokoteni una magurudumu ili ufuate njaa ilipo, maana njaa ina saa zake.

Hapa kwetu madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi huamka usiku. Mwenye chai ya moto saa kumi na moja alfajiri hana mpinzani. Saa nne wako mafundi na watu wa sokoni, hao wanataka kitu cha kushibisha, mihogo au chapati maharage. Saa tisa wanafunzi wanatoka shule na sarafu zao, hao ni wa kashata na karanga za 100. Siku ya mnada usibaki mjini, nenda mnadani. Msimu wa kuuza pamba na mpunga mkulima ana pesa, ongeza nyama kwenye mchuzi. Miezi ya kulima pesa hakuna, usipike nyama, pika maharage na dagaa, na kipimo kiwe kidogo kwa bei ndogo. Mteja wa 300 usimdharau, ndiye wa 3,000 baada ya mavuno.

Na usisahau vya kwetu. Michembe na matobolwa yaliyochemshwa na karanga, watu wanavitamani, hasa waliokaa mbali na bibi zao. Havihitaji mafuta, havilali vikaharibika kama chapati. Mimi siku ya Jumamosi naviuza kuliko chapati.

Mahali nako kuna haki zake. Usizibe mlango wa duka la mtu wala njia ya watembea kwa miguu. Mwaka 2021 tuliona wafanyabiashara wadogo nchi nzima wakiondolewa kandokando ya barabara, wengi wakapoteza wateja waliowalea kwa miaka. Tangu hapo nimeandika namba za simu za wateja wangu arobaini. Nikihamishwa kesho, nitawapigia.

Usafi ni tangazo

Mimi sina redio ya kujitangaza. Tangazo langu ni aproni nyeupe, kucha fupi na ndoo ya maji yenye bomba. Mteja ananawa kabla hajashika chapati, sabuni ipo. Anayepokea pesa si anayeshika chakula, na nikiwa peke yangu natumia koleo. Cheti cha kupima afya kimening'inia kwenye kioo. Bwana afya akija simkimbii, namkaribisha chai, naye analipa!

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Chapati nafunga kwa karatasi safi, si gazeti lenye wino. Anayeleta bakuli lake namwongezea mchuzi kidogo.

Kwa wenzetu wa machimboni nasema kwa mkazo: zebaki. Wachimbaji wanaishika kwa mikono mialoni wakikamatia dhahabu, halafu wanaichoma. Moshi ule hauna rangi ya kutisha wala harufu kali, lakini ni sumu, inadhuru mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Usiweke mkokoteni karibu na mwalo wala mahali pa kuchomea. Usichote maji ya kupikia bondeni chini ya mwalo. Usiazimishe sufuria, kikaango wala kijiko kikachomee dhahabu, hata wakikuahidi nini. Na mchimbaji anawe kwa sabuni kabla ya kula. Wakiniona nasisitiza hivyo walikuwa wanacheka. Baadaye wakawa wanasema, "Twendeni kwa yule mama wa sabuni." Jina lenyewe limeniletea wateja.

Mgodi hauoi mtu

Jambo jingine. Usimtegemee mteja mmoja, hata akiwa mkubwa namna gani. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Kati yake ni zaidi ya miaka thelathini! Hapa kwetu Buzwagi ulifunguliwa 2009, ukamaliza uzalishaji 2021. Wako waliokuwa wakipika kwa ajili ya wafanyakazi wale tu, na walipoondoka sufuria zikapoa. Mgodi hauoi mtu, ndugu zangu. Ukiwa tayari kuondoka, hauagi.

Ndiyo maana mimi nina wateja wa aina tatu: wenye mshahara, wenye msimu, na wapitanjia. Mmoja akiyumba, wawili wananishika.

Pesa ya jioni

La mwisho. Jioni nikifika nyumbani, kabla sijavua aproni, nagawa pesa katika mikebe mitatu. Mkebe wa kwanza ni mtaji wa kesho, huo haugusi mtu, hata mtoto akililia soda. Wa pili ni wa nyumba. Wa tatu ni wa hisa za kikundi, kila siku 1,000, ili siku ya kikao nisianze kukimbia kwa jirani. Na mwenyewe nikila chapati yangu naiandika na kuilipia. Mtaniona mkali, lakini muuzaji anayekula bure ndiye mdaiwa mbaya kuliko wote, maana huwezi hata kumkwepa.

Kikundi chetu sasa kimesajiliwa kufuatana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Tuiombe. Lakini nawaombeni, tusikope ili kuziba pengo la chapati zilizoliwa bure. Mkopo ununue kabati, meza, sufuria kubwa. Deni halizibi deni. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Nimalizie na habari moja. Mwaka juzi nilikuwa Katoro kwa shughuli zangu, kijana akanishika bega. "Mama, hunikumbuki?" Alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Akatoa 20,000, akaniambia, "Nilikuwa nakudaiwa rohoni." Nikamuuliza wenzake wako wapi. Wengine hajui. Wawili, akasema, duara liliwafunika.

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaita wezi. Tangu siku hiyo sijawaita tena hivyo. Walikuwa na njaa na hawakuwa na pesa, nami nilikuwa na chakula na sikuwa na daftari. Kosa langu nililijua, nikalirekebisha. Lakini ule mpaka wangu wa 1,000 sikuuondoa, na hata yeye siku ile alipotaka chai nilimpa bei. Akalipa, tukacheka.

Kina mama, tuwatilie, na watulipe. Nanyi mliokuja nyumbani kwangu na daftari siku ile badala ya kuja na kamba ya kufungia sufuria, Mungu awabariki. Rejesho la mwisho nililipa, stakabadhi ninayo.

 Chai iko tayari pale nyuma. Wageni ni bure. Wanachama, 300.